Michezo ya Familia: Kisahani Hakirushwi kwa Mabavu

Miongoni mwa barua zilizotufikia mwezi huu imo moja ya mama, mke wa askari, akaaye na familia yake Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru. Ameeleza kwamba watoto wake walipata kisahani cha plastiki cha kurusha, na jioni hukichezea ufukoni. Baba watoto naye alikuwa akijiunga nao atokapo lindo. Lakini binti yao mwenye miaka 12 hukirusha kikaenda mbali kwa unyofu, ilhali baba, mtu wa kifua kipana na mikono ya kunyanyua magunia, kisahani chake hupaa juu kama kishada, kikasita angani, kisha kikaanguka hatua chache mbele ya miguu yake. Akaongeza nguvu, na alichopata ni maumivu ya bega yanayomkosesha usingizi. Sasa hukaa pembeni na kutazama tu. Mama anauliza: je, upo ufundi wa kurusha kisahani, au ni bahati ya binti?

Ufundi upo, nao waweza kujifunzwa na kila mtu. Wala suala hili si dogo kama linavyoonekana. Mzazi afanyaye kazi ya zamu, ambaye leo yuko lindo na kesho yuko safarini, hana saa nyingi za kuwa na wanawe. Saa hizo chache si za kupotezwa kwa sababu ya bega na aibu. Aidha, bega la askari au polisi ni chombo chake cha kazi, na akiliharibu mchezoni atalijutia kazini. Kwa hiyo leo tutaueleza mtupo huo hatua kwa hatua.

ASILI YA MCHEZO

Inasimuliwa Marekani kwamba jina la kisahani hiki, frizbi, lilitokana na kiwanda cha mikate ya matunda cha Frisbie katika mji wa Bridgeport, ambako vijana walikuwa wakirushiana vyombo vitupu vya bati vilivyookewa mikate hiyo. Kisahani cha plastiki kilibuniwa na Walter Frederick Morrison, na kampuni ya Wham-O ikaanza kukiuza mwaka 1957. Baadaye Ed Headrick, aliyefanya kazi katika kampuni hiyo hiyo, alibuni kikapu cha minyororo kilichosimamishwa juu ya mlingoti ili kukamata kisahani. Mwaka 1975 uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa Oak Grove, California, na mwaka uliofuata kikaanzishwa chama cha wachezaji wa mchezo huo, uitwao gofu ya kisahani.

Kanuni zake ni nyepesi. Mchezaji husimama mahali palipopangwa, hurusha kisahani kuelekea shabaha, kisha hurusha tena kutoka pale kilipoangukia, mpaka akifikishe shabahani. Aliyetumia mitupo michache kuliko wenzake ndiye mshindi. Hakuna fimbo za kununua wala nyasi za kumwagilia. Huo ni mchezo ufaao sana kwa familia, kwani mtoto, mama na babu wanaweza kushindana katika uwanja mmoja bila mmoja kumgonga mwenzake.

KWA NINI KISAHANI HURUKA

Mambo mawili hukiweka kisahani hewani. La kwanza ni umbo lake. Mgongo wake umebinuka kidogo na ukingo wake umeinama, hivyo hewa ipitayo hukiinua kama inavyoinua bawa la ndege. La pili ni mzunguko. Watoto wote wanaijua pia: ikizunguka kwa kasi husimama wima juu ya ncha yake, ikipungua kasi huyumba na kulala. Kisahani nacho ndivyo kilivyo. Kikizunguka vizuri hubaki kimetulia, na kisipozunguka hupinduka mara moja, hata kama kimerushwa na jitu.

Hapo ndipo penye siri. Nguvu ya mkono peke yake hukipa kisahani mwendo, lakini haikipi mzunguko wa kutosha. Mzunguko hutokana na mkono kufyatuka mwishoni, kama mama akung'utavyo shuka iliyofuliwa kabla ya kuianika. Hasukumi shuka kwa nguvu tangu mwanzo hadi mwisho. Huivuta kwa utulivu, kisha ghafula huikaza, na mlio husikika mwishoni kabisa. Mwenye kukung'uta nguo vizuri amekwisha kujifunza nusu ya somo hili.

MAZOEA YA KUACHWA

Askari wengi wamejifunza mitupo miwili, na yote miwili huwapotosha hapa. Wa kwanza ni ule wa guruneti, ambao mkono hupita juu ya bega. Wa pili ni ule wa kisahani cha riadha tulichokirusha shuleni. Kile cha wanaume kina uzito wa kilo 2 na cha wanawake kilo 1. Hurushwa kwa mkono ulionyooka mbali na mwili, kiganja kikitangulia, na huhitaji mwili mzito na wenye nguvu. Mwaka 2025 Mykolas Alekna wa Lithuania alikifikisha kisahani cha riadha mita 75.56, umbali ambao hakuna mwanamume aliyekuwa ameufikia kabla yake.

Kisahani cha plastiki kina tabia nyingine. Kwa kawaida hakifiki gramu 180, na sheria za gofu ya kisahani haziruhusu kizidi gramu 200. Mwaka 2016 Mmarekani David Wiggins alikirusha mita 338 katika jangwa la Nevada, akisaidiwa na upepo mkali. Tofauti hiyo ya umbali haikutokana na misuli. Ilitokana na mwendo, mzunguko na hewa. Basi mwenye kuchukua mabavu ya kilo 2 akayatumia kwa chombo cha gramu 175 ni kama mtu apigaye nzi kwa nyundo.

MTUPO WA MGONGO WA MKONO

Mtupo tunaoufundisha leo ni ule ambao mgongo wa mkono ndio unaotangulia kuelekea shabaha. Tutaeleza kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, na wa kushoto atageuza maelezo.

Kwanza, mshiko. Weka kidole gumba juu ya kisahani, karibu na ukingo. Vidole vinne vikunje chini yake, ncha zake ziguse upande wa ndani wa ukingo. Kishike kama unavyoshika ndege mdogo: asiponyoke, wala asife. Mkono uliokazwa mno hauwezi kufyatuka.

Pili, msimamo. Usiikabili shabaha kwa kifua. Simama ubavu, bega la kulia lielekee shabaha, miguu itengane kwa upana wa mabega, magoti yalegezwe kidogo.

Tatu, kurudi nyuma. Peleka uzito wa mwili kwenye mguu wa kushoto. Geuza nyonga na mabega, hata mgongo wako uanze kuiona shabaha, na mkono urudishe kisahani nyuma katika mstari ulionyooka. Kichwa kigeuke pamoja na mabega. Usiogope kuiacha shabaha kwa macho kwa nukta moja, kwani shabaha haitahama.

Nne, kuvuta. Hapa wengi hukosea, kwa hiyo soma polepole. Kinachoanza si mkono, ni mguu. Kanyaga mguu wa kulia imara, uzito uuhamie, nyonga igeuke, bega lifuate, kisha kiwiko kitangulie mbele, na kisahani kipite karibu na kifua. Mwisho kabisa kigasha na kifundo cha mkono vifunguke kwa kasi, na kisahani kiponyoke chenyewe. Utaratibu ni huo: mguu, nyonga, bega, kiwiko, kifundo. Kila kiungo hupokea mwendo kutoka kwa mwenzake na kuuongeza.

Wakazi wa Nchelenge na Kashikishi wana mfano mzuri mbele ya macho yao kila alfajiri. Mtazameni mvuvi anapowasha injini ya mashua kwa kamba. Hazungushi mkono kama mtu afukuzaye nyuki. Huweka mguu imara, huvuta kamba kwa mstari mmoja ulionyooka, kiwiko kikiongoza na ngumi ikipita karibu na kifua. Akivuta kwa kuzungusha, kamba hukwama na injini hukataa. Kisahani nacho huvutwa vivyo hivyo.

Tano, kumalizia. Kisahani kikiisha kuondoka, usiukatishe mkono ghafula. Uache uendelee na njia yake, mwili nao ugeuke juu ya kisigino cha kulia. Asimamishaye mkono kwa nguvu hulifanya bega kuwa breki, na asiyegeuza kisigino hulipotosha goti.

MAKOSA MANNE NA DAWA ZAKE

Kosa la kwanza ni lile la baba wa Nchelenge: kisahani hupanda, husita, huanguka. Maana yake ni kwamba ukingo wa mbele umeinuliwa, hewa ikagonga tumbo la kisahani badala ya kupita juu na chini yake. Ongezeko la nguvu hulizidisha kosa hilo, kwani hukipandisha juu zaidi. Dawa yake ni kuinamisha kidogo kifundo cha mkono, kana kwamba unamimina maji kutoka katika bilauri, na kurusha kwa kimo cha kifua.

Kosa la pili ni kutumia mkono peke yake. Mrushaji husimama kama mlingoti na kuvuta kwa bega. Misuli midogo ishikayo fundo la bega hubeba kazi ya miguu na nyonga, nayo huchoka na kuumia. Binti hana misuli mikubwa ya kujivunia, kwa hiyo hulazimika kuutumia mwili mzima. Hiyo ndiyo sababu amemshinda baba yake.

Kosa la tatu ni kukizungusha kisahani kwa duara kuuzunguka mwili. Kisahani hukosa mstari na kutoka popote. Dawa yake ni kusimama sambamba na ukuta au ua, hatua moja mbali nao, na kuvuta bila kisahani kugusa ukuta.

Kosa la nne ni kuponyoka kwa wakati usiofaa. Kikiponyoka mapema huenda kushoto, kikichelewa huenda kulia. Dawa yake ni kupunguza nguvu hata nusu, mpaka mkono uizoee njia.

Zaidi ya hayo, ni vyema kujua tabia moja isiyo kosa. Kisahani kilichorushwa kwa mgongo wa mkono wa kulia, kikianza kupungua mwendo, huelekea kushoto. Usipigane nacho. Lenga kulia kidogo mwa shabaha, ukiache kirudi chenyewe.

UPEPO NA MAJI

Sasa twafikia jambo lililo kubwa kuliko umbali wa mitupo. Mchezo huu unapochezwa kando ya Mweru, adui hatari kuliko bega bovu ni maji.

Wakati wa kiangazi, upepo wa kusini-mashariki hutoka nchi kavu kuelekea ziwani upande wa Nchelenge. Kisahani kilichopaa juu hubebwa na upepo huo hadi majini. Visahani vingi vya gofu huzama, na vile vinavyoelea husukumwa mbali zaidi. Mtoto aliyepoteza kisahani chake hafikirii mamba, wala kina cha maji, wala kichocho. Hufikiria kisahani chake tu, na hukifuata mbio. Kisahani kitapatikana kingine. Mtoto hana badala.

Kwa hiyo wazazi wawekeni sheria ya kwanza kabla ya kuwafundisha watoto mshiko: kisahani kilichoangukia majini kimekwisha kuwa cha ziwa, na hakuna anayekifuata isipokuwa mtu mzima akiona ni salama. Sheria ya pili: rusha chembe za vumbi hewani uone upepo unakoelekea. Ukivuma kuelekea ziwani, hamieni bara, katika uwanja wa mpira au penye nafasi wazi nyuma ya nyumba. Sheria ya tatu: upepo ukitulia na mkacheza ufukoni, rusheni sambamba na ufuko, ziwa likiwa upande wa kulia wa mrushaji wa mkono wa kulia. Kisahani chake humalizia kushoto, yaani nchi kavu.

Katika kupima upepo, kumbukeni pia kwamba upepo utokao mbele hukiinua kisahani na kukigeuza kulia, hivyo kirushwe chini na kwa utulivu, ukingo wa kushoto ukiinamishwa kidogo. Upepo utokao nyuma hukishusha mapema, hivyo kirushwe juu kidogo.

Katika majira ya mvua, ngurumo ikisikika, ondokeni ufukoni na uwanjani mara moja. Msijifiche chini ya mti, ingieni ndani ya nyumba.

UWANJA BILA GHARAMA

Asiye na kisahani cha dukani aweza kuanza na kifuniko cha plastiki cha ndoo kubwa, chenye ukingo ulioinama. Hakitaruka kama kile cha kiwandani, lakini chatosha kufundisha mshiko, msimamo na utaratibu wa viungo. Vifuniko vya bati havifai, kwa maana makali yake hukata. Hata kisahani cha plastiki cha gofu kina ukingo mgumu uwezao kuumiza jicho. Basi yeyote asisimame mbele ya mrushaji, na mrushaji apige ukelele kabla ya kurusha.

Shabaha ziko tele. Mwembe, kichuguu au mlingoti wa goli hufaa. Nguzo za umeme zisitumike. Afadhali zaidi ni tenga la samaki lililotundikwa juu ya mti uliosimikwa kwa kimo cha kifua. Tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi unapofungwa upande wa Zambia ili samaki wazaliane, matenga mengi hupumzika, na mvuvi mwema hatakosa kuazima moja. Pangeni shabaha tisa kulizunguka eneo la nyumba, ya karibu iwe hatua 20, ya mbali hatua 60. Hesabuni mitupo ya kila mtu katika daftari, na daftari hilo litunzwe na mtoto ajifunzaye hesabu.

Mchezo huu una fadhila nyingine katika sehemu zile. Ng'ambo ya ziwa ziko Pweto na Kilwa za Kongo, na tangu mwaka 2018 wilaya ya Nchelenge ina makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyopokea watu kutoka Kongo. Kibemba na Kiswahili hukutana sokoni kila siku. Watoto wa askari, wa wavuvi na wa wageni hawahitaji mkalimani ili kurusha kisahani kwa zamu. Hata kwingine Afrika Mashariki, kama Nairobi na Kampala, wapo vijana wanaokichezea kisahani kwa timu, wavulana na wasichana pamoja.

RATIBA YA WIKI NNE

Mwenye bega linalouma apumzike kwanza mpaka maumivu yaishe. Yakidumu zaidi ya wiki mbili, au mkono ukikosa nguvu ya kuinuka, aende hospitali akapimwe, asijitibu kwa kurusha. Aliye mzima na aanze hivi, siku tatu kwa wiki, mitupo isiyozidi 30 kwa siku, baada ya kunyoosha viungo.

Wiki ya kwanza: simama hatua 15 kutoka shabaha. Kianzie kisahani kifuani, bila kukirudisha nyuma, ukikifungua kwa kiwiko na kifundo tu. Tafuta mzunguko, usitafute umbali.

Wiki ya pili: hatua 20. Ongeza kuhamisha uzito kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele, mkono ukianzia pale pale kifuani.

Wiki ya tatu: hatua 30. Sasa geuza mabega na urudishe mkono nyuma kikamilifu, lakini kwa nusu ya nguvu zako.

Wiki ya nne: hatua 40. Tembea hatua mbili au tatu za ubavu kabla ya kurusha, ukimalizia kwa mguu wa kulia kukanyaga imara.

Katika kila wiki hesabu mitupo 10 ya mwisho. Ikiwa 6 imeanguka ndani ya duara la hatua tatu kutoka shabaha, songa mbele. Ikiwa haikufika 6, rudia wiki ile ile bila haya. Akina mama wafungao kitenge wakifunge juu ya magoti au wavae sketi pana, maana hatua ya mguu wa mbele yahitaji nafasi.

Na baba aliyezoea kutoa amri akubali kusahihishwa na bintiye katika jambo hili. Amwombe asimame ubavuni na kumtazama kiwiko chake, kwani kiwiko hakionwi na mwenyewe. Nidhamu ya kujifunza ni sehemu ya nidhamu ya kazi, na mtoto aliyemwona baba yake akijifunza hatasahau namna jambo hilo linavyofanywa.